Ngege Sita kwa Madam Nasipwondi

Dunga, 3 Agosti 2024

Mpendwa Baba Aoko,

Huyu mtoto wako sasa hivi amejibandika magamba ya samaki kwa mabega, matatu huku, matatu kule, akasimama mbele ya bata wa Mama akamwamrisha, "Funga mkanda!" Bata akakimbia. Aoko akamfuata mpaka kwenye maji akipiga kelele, "Nimesema funga!" Nimecheka mpaka samaki wakaungua kwenye karai, na Mama akanipa maneno yangu. Ni ile picha uliyotutumia umevaa shati jeupe lenye mistari begani. Analala nayo. Kona moja ameshaitafuna.

Barua yako nimeichukua kwa ofisi ya mabasi. Umesema nisipige simu wala kutuma ujumbe mpaka hiyo kampuni kubwa imalize kukuchunguza, kwa sababu wanapekua mpaka simu ya mtu. Sawa. Niliacha shule kidato cha pili lakini kuandika sijasahau, na ukweli ni kwamba barua naipenda kuliko simu. Kwa simu wewe huwa na haraka.

Ila nieleze, kwani wanatafuta nini? Mama anasema hata mwanamume anayekuja kuoa hachunguzwi hivyo. Anasema, "Wangekuwa wanachunguza hivyo wanaume wote wanaokuja hapa kununua samaki, wewe ungekuwa bado uko shule." Mdomo wake unaujua, usimjali.

Na lile la ayie sikukumbushi ili nikusumbue, nataka tu ujue halijanitoka kichwani. Ulisema ukipata hii kazi utakuja na wazee wako na ng'ombe, mmpe Mama ayie yake ili aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali, ndipo mimi na Aoko tuwe watu wa kwenu. Mama amesema mpaka siku hiyo mtoto hatoki kwa mlango huu, hata kwenda kumsalimia nyanya yake Muhoroni. Usimkasirikie. Bila ayie mtoto ni wa hapa, ndiyo desturi, hata mama yako anajua. Lakini siku hiyo inakuja, naiona kabisa. Nimeshachagua hata gauni.

Wako,
Dorca, Mama Aoko


Nairobi, 9 Agosti 2024

Dorca,

Urubani si boda, kwamba unavaa helmeti unaenda. Ukiomba kazi, wanaandikia kila mahali uliwahi kufanya. Wanaitisha mitihani uliyopita na uliyofeli, leseni, polisi, hospitali, hata kama uliwahi kupimwa pombe. Halafu ile miezi hukuwa kazini wanataka mtu aseme ulikuwa wapi. Ndiyo ile miezi minane nilikaa Nyamasaria. Nimewapa jina lako.

Kuna mama anaitwa Nasipwondi, yeye ndiye anashughulikia faili yangu. Atakuandikia. Mjibu kwa mkono wako na utie sahihi. Sema nilikuwa napanga pale, mtu mpole, sikuwa na shida na mtu. Maneno machache, Dorca. Wewe ukianza kuongea hujui breki iko wapi.

Mimi sina wasiwasi. Kampuni ya kwanza ilinipenda, niliacha mwenyewe. Na hizo karatasi zao za zamani hata panya nadhani walishamaliza.

Msalimie mtoto.

Sydney


Dunga, 19 Agosti 2024

Kwa Madam Nasipwondi, shikamoo.

Mimi ni Dorca Akello. Barua yako nimeipata na maswali nimeyaelewa yote isipokuwa moja, ambalo Mwalimu wa kanisa amenieleza.

Ndiyo, ninamjua Sydney. Alikaa Nyamasaria, hapa Kisumu, miezi minane, mwaka wa 2021, kwa nyumba ya Mzee Wechuli yenye geti la bluu. Alikuwa anakuja Dunga kununua samaki kila jioni, hata siku ambazo ana samaki wa jana. Ndivyo nilivyomjua. Mimi na Mama yangu tunakaanga hapo.

Umeuliza tabia yake. Ni mpole. Hajawahi kunipiga wala kunitusi mbele ya watu. Asubuhi alikuwa na usingizi mzito sana, unagonga mlango mpaka majirani wanatoka, lakini nafikiri ni kusoma usiku kulimchosha. Alikuwa na vitabu vya ndege, vinene kama matofali. Alinionyesha kwa mkono wake jinsi ndege inavyogeuka hewani bila kumwaga chai ya watu.

Umeuliza kama tuna uhusiano. Alisema niandike machache, lakini wewe umeuliza, na mimi siwezi kumdanganya mtu aliyeniandikia kwa heshima. Tuna mtoto, Aoko, ana miaka miwili na miezi saba. Ana paji la baba yake. Nilimzaa nje ya nyumba, pale pale karibu na karai, mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Aoko. Sydney akipata hii kazi atakuja kwetu na wazee. Kwa hivyo Madam, unaposhika hiyo faili umeshika watu watatu. Sikulazimishi. Nakuambia tu.

Dorca Akello


Dunga, 5 Septemba 2024
(ndani ya katoni)

Madam Nasipwondi,

Hizi ni ngege sita, nimezikaanga zikakauka vizuri, hazitaharibika njiani. Nilichagua mwenyewe asubuhi, mashua ilipofika. Usizipashe kwa mafuta, pasha juu ya moto tu, halafu uzichemshe na nyanya. Ile yenye mkia uliokatika ni Aoko alivuta, akasema, "Hii ya madam." Msamehe.

Umetufanyia kazi kubwa na hatukukupa hata maji ya kunywa.

Dorca


Nairobi, 10 Septemba 2024

Bw. Sydney,

KUHUSU: MATOKEO YA UCHUNGUZI WA REKODI

Ripoti yako ilifungwa na kutiwa sahihi tarehe 2 Septemba. Kampuni haitaendelea na ombi lako. Una haki ya kujua sababu.

Uliandika kwamba hujawahi kushindwa jaribio lolote la kurusha ndege. Mwajiri wako wa kwanza ametuletea rekodi za majaribio mawili uliyoshindwa mbele ya mkaguzi. Hilo peke yake lisingekunyima kazi. Marubani wazuri wameshindwa, wakafundishwa upya, wakafaulu, na baadhi yao wanatuongozea ndege leo.

Uliandika kwamba uliacha kazi kwa hiari yako ili kuendelea na masomo. Rekodi inaonyesha kwamba ulipimwa pumzi asubuhi, abiria wakiwa wameshaketi na kufunga mikanda. Ulikutwa na pombe na ukaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Ndipo ilipoanza miezi yako minane ya Kisumu. Rubani anayetueleza kosa lake tunaweza kuketi naye na kuzungumza. Anayelificha hatuwezi kumkabidhi watu.

Uliandika pia kwamba huna mtoto. Hilo si sharti la kazi, na sikuulizi sababu.

(Ukurasa wa 2)

Mwisho, shahidi wako wa Kisumu alituma samaki ofisini. Walifika tarehe 6, siku nne baada ya ripoti kufungwa. Hatupokei zawadi, kwa hiyo tuliwapeleka kwenye makao ya watoto. Jambo hilo halikuhusika na uamuzi na halimo katika rekodi yako. Naliandika hapa ili lisiwe na utata kwako wala kwake. Barua yake ndiyo karatasi pekee katika faili yako ambayo hatukukuta uongo ndani yake.

Nasipwondi Waliaula
Idara ya Rekodi za Marubani


Nairobi, 16 Septemba 2024

Dorca,

Umenimaliza.

Nani alikutuma kupeleka samaki kwa ofisi ya ndege? Nani? Unadhani hiyo ni harambee? Nimekaa hewani miaka, nimefanya mitihani ambayo wewe huwezi hata kusoma jina lake, halafu mtu wa karai ananishusha na ngege sita. Huku hiyo inaitwa hongo. Wamenikataa. Wamesema shahidi alijaribu kununua ofisi. Hayo ndiyo maneno ya barua.

Na si hii kampuni peke yake. Hiyo rekodi inanifuata mpaka kaburini. Popote nitaomba kazi wataita faili, na harufu ya samaki wako itaingia mlangoni kabla yangu.

Nilikuambia uandike machache. Ukaandika mpaka mambo ya mtoto. Sikio lako ni la pambo?

Sasa sikia. Mtu ambaye hawezi kufikiria hivi hawezi kunilelea damu yangu. Mama yangu yuko Muhoroni peke yake katikati ya miwa, kila siku ananililia mjukuu. Mtoto aende kwake. Na mama yako asinitajie ayie. Hizo ng'ombe angekula kutoka kwa hiyo kazi. Mwambie umezikaanga pamoja na hao samaki.

Sydney


Dunga, 23 Septemba 2024

Madam Nasipwondi,

Nakupigia magoti kwa barua, kwa sababu nauli ya kuja kukupigia uso kwa uso sina.

Sydney amenieleza nilichofanya. Madam, sikujua. Kwetu mtu akikufanyia kazi haondoki mikono mitupu. Daktari aliyemtibu Mama jicho tulimpelekea samaki. Chifu akija kwa jambo la maji, anaondoka na samaki. Hata askari aliyekuja kumuuliza Mama kuhusu leseni ya biashara alifungiwa mmoja kwa gazeti, na hakuna aliyesema tunamnunua. Mtu atanunuliwaje na ngege? Ngege inaliwa inaisha.

Nimemwambia Sydney nitakuja nishtakiwe mimi. Hajajibu. Kama kuna mahali pa kutia sahihi kwamba mkosaji ni mimi, nitumie. Kama ni kuwarudisha, hata kama mmekula, nitumie mifupa, nami nitakuandikia kwamba nimepokea samaki wazima.

Anataka mtoto aende kwa mama yake Muhoroni. Mama yangu amesema juu ya maiti yake. Mimi sijui nishike wapi. Mtoto mwenyewe anacheza tu. Jana alikuulizia, "Madam alikula mkia?" Nikamwambia alikula.

Mwenye makosa,
Dorca Akello


Nairobi, 2 Oktoba 2024

Mpendwa Dorca,

Sheria hainiruhusu kukuambia yaliyo katika faili ya mtu mwingine, na nimeshawaona watu wakiumia kwa sababu ofisi haikutunza siri. Kwa hiyo nitakuambia tu yale yanayokuhusu wewe. Tafadhali yasome polepole.

Samaki wako hawakubadilisha lolote. Uamuzi ulikuwa umeandikwa na kutiwa sahihi kabla basi lililowabeba halijaondoka Kisumu. Hakuna mtu hapa aliyekuandika kama mtoaji hongo. Hakuna mahali pa wewe kutia sahihi, kwa sababu hakuna kosa lako.

Sababu zote zimo katika barua yangu kwa Sydney ya tarehe 10 Septemba. Mwombe akuonyeshe, ukurasa wa kwanza na wa pili. Kama hataki kukupa, mwambie akusomee kwa sauti mbele ya mama yako.

Haya yafuatayo siyaandiki kama ofisi. Nimelea watoto wawili. Usimtoe mtoto kulipa deni ambalo halipo.

Samaki walikwenda kwa watoto, na wakaliwa mpaka mikia.

Nasipwondi Waliaula


Dunga, 9 Oktoba 2024

Baba Aoko,

Usikasirike. Madam ameniandikia kwamba kuna barua alikutumia yenye kurasa mbili. Anasema samaki hawakuwa na neno. Nisomee tu, au mpe mtu anisomee, roho yangu itulie. Siyo kwamba sikuamini. Nakuamini.

Aoko anakusalimia. Amejifunza kusema jina lako lote.

Dorca


Nairobi, 14 Oktoba 2024

Barua niliichoma kwa hasira. Ukiniuliza tena nitajua mimi na huyo mama unamwamini nani.

Jumamosi Mama atakuja na binamu yangu Calvince na pikapu. Mtoto awe ameoga.

Sydney


Dunga, 19 Oktoba 2024

Madam wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sasa najua kweli umelea, kwa sababu maneno kama yale hayaandikwi na mtu ambaye hajawahi kubembeleza. Hata sisi tuko hivyo. Mtu akifiwa, hata kama ni yeye aliyechelewa kumpeleka mgonjwa hospitali, tunamshika mkono tunamwambia, "Si wewe, siku zake zilikuwa zimefika." Hakuna anayemwambia ukweli pale matangani. Ukweli ataukuta mwenyewe, wageni wakishaenda. Na wewe umenishika mkono ukaniambia ripoti ilikuwa imefungwa kabla basi halijatoka. Nimelia, Madam. Hata mtu wa ofisi kubwa hivyo amenionea huruma mpaka akatafuta tarehe.

Mama hakukubali. Nilimsomea akiwa anapara samaki, kisu kikasimama. Akasema, "Huyo mwanamke hakubembelezi. Huyo anakuambia kitu. Tafuta hiyo karatasi." Nikamwambia Sydney aliichoma. Mama akaniuliza, "Mtu huchoma barua gani? Inayomsifu?" Nikamjibu vibaya, Madam. Nilimwambia hajawahi kumpenda Sydney kwa sababu si mtu wa samaki. Tangu siku hiyo hatujaongea, tunakaanga tumepeana migongo, na wateja wanatushangaa.

Lakini hebu fikiria na wewe. Rubani mzima, ana leseni, amesoma vitabu vinene vile, atanidanganya mimi apate nini? Mimi sina kitu cha kuchukuliwa.

Na kama ni mimi niliyeua ile kazi, basi ni mimi niliyeua ayie. Nitamzuiaje mtoto nikidai ng'ombe ambao nimewafukuza mwenyewe? Hiyo nayo ingekuwa wizi. Kwa hivyo nimekubali. Si milele. Sydney akipoa atapata kampuni nyingine, atakumbuka kwamba sikubishana, atasema, huyu ni mke. Nami nitaenda Muhoroni, nimkute Aoko ameshazoea miwa, anionyeshe njia.

Wamefika tangu saa nne. Nimemwogesha, nimempaka mafuta mpaka anateleza kama kambare. Nimemfungia nguo zake, kikombe chake, na lesso yangu ambayo sijaifua, ili akilala aninuse. Mama yake Sydney ameitoa kwenye mfuko akaiweka juu ya jiwe. Amesema, "Kwangu hakuingii harufu ya samaki." Hakusema kwa ubaya, ni mtu wa kupenda usafi. Nitaikunja ndogo niifiche ndani ya sweta. Nimemwambia mtoto hupenda kusuguliwa mgongo ndipo alale, akasema, "Nimezaa sita, mama, usinifundishe." Calvince amecheka, akawasha gari. Mama yangu ameingia ndani akajifungia kwa komeo. Leo ndipo amefungua mdomo, akasema kama mimi niliyemzaa nimekubali, mtoto atoke, lakini yeye asione.

Nakuandikia haraka juu ya gunia la makaa kwa sababu jambo lenyewe nililotaka kukuomba bado sijalisema. Najua siri za ofisi huwezi kutoa, sikuombi kutoa, nakuomba kuingiza. Kwenye hiyo faili yake, andika kwa kalamu isiyofutika kwamba mkosaji ni Dorca Akello wa Dunga, na kwamba Sydney hakujua, hakutuma, hana doa. Ili siku kampuni nyingine ikiuliza, waone kwamba yeye

Wananiita. Aoko amekimbia ameshika mshikio wa mlango wa Mama, analia, "Nyanya nifungulie," na Mama hafungui, na Calvince ameshindwa kumtoa. Wanasema nije mimi nimfungue vidole, kwamba kwangu hataogopa. Nakuja kumalizia hapa hapa, Madam, wewe andika tu kwamba